"Kabla na baada": baada ya lini? Kuhusu ngozi ya kupandikiza kwenye vidole vilivyoungana

Bila shaka umeziona zile picha mbili. Kushoto, mkono wa mtoto aliyezaliwa vidole vimeungana. Kulia, vidole vimeachana. Chini: "kabla na baada". Tunazisambaza kwa furaha, na kweli kazi ya daktari ni ya kusifiwa. Ila mimi nina ugomvi na hilo neno "baada". Wiki mbili baada? Au miaka mitano?

Hali hii inakadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 2,500. Tumboni, mkono huanza kama kasia. Kisha seli za katikati ya vidole hufa kwa mpangilio, vidole vinaachana. Zisipokufa, vinabaki pamoja. Mara nyingi ni kidole cha kati na cha pete.

Bibi atauliza: si wakate tu katikati, washone? Hebu fanya hesabu. Chukua chaki mbili za upana wa sentimita 1, zifunge pamoja kwa uzi: unahitaji sentimita 5.14. Sasa zifunge mojamoja: jumla 6.28. Yaani vidole vikiachana vinahitaji ngozi zaidi kwa kama 22%. Hiyo itoke wapi?

Njia ya kwanza ni kiraka cha ngozi ya mtoto mwenyewe, si ya mtu mwingine. Kiraka chembamba hushika kirahisi lakini hujikunja sana. Kiraka chenye unene kamili hujikunja kidogo, ndiyo maana madaktari hukipendelea. Huchukuliwa kinenani, kwenye mkunjo wa kiwiko au karibu na kifundo cha mkono. Cha kinenani ni kikubwa na kovu linajificha, lakini kinaweza kuwa cheusi zaidi na kuota vinyweleo akibalehe. Kwetu sisi, wenye kiganja cheupe kuliko mgongo wa mkono, kiraka hicho kinaonekana kutoka mbali. Vitabu vilivyojaa picha za ngozi nyeupe havikufundishi hilo vya kutosha.

Njia ya pili haitumii kiraka: ngozi ya mgongo wa mkono inasogezwa katikati ya vidole, na mafuta ya chini ya ngozi yanapunguzwa. Upasuaji unakuwa mfupi, hakuna kidonda cha pili. Inavutia, lakini inaacha kovu mgongoni mwa mkono, na ushahidi wa kulinganisha njia hizi kwa miaka mingi bado ni mdogo. Anayeitangaza kama ushindi anakimbilia hitimisho.

Na hapa ndipo picha inapotudanganya. Siku za mwanzo kiraka hakina mishipa yake ya damu. Kinaishi kwa majimaji ya kidonda mpaka mishipa iungane. Kikitikiswa, kinakufa. Ndiyo maana bandeji hupita kiwiko, maana mtoto wa mwaka mmoja na nusu ataivua tu. Halafu mkono unakua, kovu halikui sawasawa nao, na ngozi ya katikati inaweza kupanda tena kuelekea ncha za vidole. Wengine huhitaji upasuaji wa pili.

Sasa mfikirie mama wa Kaole au Mlingotini. Hospitali kubwa, kama Muhimbili na CCBRT, ziko Dar es Salaam, kama kilomita 70 kutoka Bagamoyo mjini. Kila kubadilisha bandeji ni nauli na siku ya kazi iliyopotea. Nyumbani kuna mchanga, jasho na maji ya chumvi. Kwa hiyo "njia ipi bora?" halijibiwi na kisu peke yake. Njia inayohitaji marudio machache inaweza kumfaa kuliko ile inayopendeza kitabuni, na hilo lipimwe, lisidhaniwe.

Ukikutana na picha hizo tena, uliza: ilipigwa lini? Ngozi ilitoka wapi? Na mtoto anaweza kushika penseli, kufunga kifungo, kumenya chungwa? Na kama una mtoto anayesubiri, muulize daktari hayo hayo kabla ya kusaini.