Mwanya kati ya Fremu: *Aya de Yopougon*, Filamu Yake na Msomaji Kijana wa Buguruni

Uhakiki wa uhawilishaji katika fasihi ya Kiswahili umezoea kuanza na riwaya na kuishia kwenye filamu, kama ilivyokuwa Amil Shivji alipoihawilisha *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi mwaka 2021. Katuni haijapewa nafasi hiyo, ingawa Dar es Salaam ina historia yake katika jambo hili. Baada ya filamu ya *Titanic* (1997), Joshua Amandus Mtani aliisimulia upya kwa michoro na Kiswahili katika *Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic*, na filamu hiyohiyo ikapata uhai mwingine katika mabanda ya video kwa sauti ya Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu. Hapo filamu ilitangulia, katuni ikafuata. Makala haya yanauliza swali la upande wa pili: riwaya-picha inapotangulia na filamu ikafuata, kijana anayevikuta vyote viwili katika maktaba anapata nini, na anapoteza nini?

Mfano ni *Aya de Yopougon* ya Marguerite Abouet na Clément Oubrerie, ambayo juzuu lake la kwanza lilitoka mwaka 2005, na filamu ya uhuishaji waliyoiongoza wenyewe mwaka 2013. Hadithi inatukia Abidjan mwishoni mwa miaka ya 1970. Aya anataka kuwa daktari. Rafiki zake, Adjoua na Bintou, wanapenda dansi na wavulana. Yopougon si mbali na Buguruni kwa namna ya maisha. Msomaji aliyezoea msongamano wa Malapa, kelele za wapiga debe wa Sheli na macho ya majirani yasiyofumba hahitaji tanbihi ili aelewe kwa nini katika mtaa kama huo siri haikai.

Nguvu ya kitabu imo katika jambo ambalo Scott McCloud (1993) alilionesha: maana ya katuni hukamilishwa na msomaji katika mwanya ulio kati ya fremu na fremu. Adjoua anapopata mimba, anamtaja Moussa, mwana wa tajiri Sissoko. Baadaye sura ya mtoto Bobby inamwonesha baba mwingine, Mamadou. Ushahidi huu ni wa macho. Msomaji anaweza kurudi nyuma, kulinganisha nyuso, kushuku kabla wahusika hawajashuku, kisha kufikia hukumu kwa mwendo wake mwenyewe. Filamu haimpi nafasi hiyo: sura hupita kwa kasi aliyoipanga mwongozaji. Badala yake inampa sauti, muziki na mwili unaocheza, vitu ambavyo ukurasa huweza kuviashiria tu. Kwa hiyo kuiita filamu nakala dhaifu ya kitabu ni kosa. Kilichobadilika ni mgawanyo wa kazi kati ya mtunzi na mpokeaji.

Mgawanyo huo hubadilika tena filamu ya Kifaransa inapomfikia mtazamaji wa Kiswahili. Mapokeo ya Lufufu yanatoa suluhisho lililokwisha kukubaliwa na hadhira: msimuliaji anayefasiri, anayefafanua na anayeonya. Hata hivyo, msimuliaji huyo huweza kuuziba mwanya wenyewe. Akitamka jina la Mamadou kabla sura ya mtoto haijasema, amemtendea mtazamaji hisani na kumnyang'anya ugunduzi kwa wakati mmoja.

Buguruni inalikazia swali hili kwa namna ya pekee, kwa sababu ndipo ilipo Shule ya Viziwi Buguruni. Kwa kijana kiziwi, katuni haina upungufu wowote: kiputo cha maneno humfikia kama kinavyomfikia mwenzake anayesikia. Filamu yenye tafsiri ya sauti pekee humwacha mlangoni. Mkusanyiko unaoweka filamu mahali pa kitabu, kwa hoja kwamba vijana siku hizi hawasomi, utakuwa umewatoa baadhi ya vijana haohao. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha ni sehemu ya uhawilishaji wenyewe, na yanastahili kuhakikiwa hivyo.

Linabaki suala la maudhui. Mhakiki mwenye tahadhari anaweza kuuliza kama kisa cha Adjoua kinafaa rafu ya vijana. Jibu linapatikana katika historia ya karibuni ya Tanzania: hadi Novemba 2021, serikali ilipobadili msimamo, mwanafunzi aliyejifungua hakuruhusiwa kurejea katika shule ya kawaida ya umma. Vijana wa Buguruni wameishi na adhabu ya mimba; hawafunzwi mimba na katuni. Abouet hamfanyi Adjoua kuwa mfano wa kuogofya. Anamwacha aendelee kuishi, kulea, kukosea na kucheka, huku Aya akimsaidia kumbeba mtoto bila kuiacha ndoto yake.

Kwa hiyo kitabu na filamu vinapaswa kukaa rafu moja, kitabu kikitangulia mkononi. Kijana aliyekwisha kuuvuka mwanya kwa akili yake ataitazama filamu akijua pale ilipochagua kwa niaba yake, na hapo ndipo uhakiki huanzia.