Geji Tatu za Dashibodi

Gari lina wahakiki wa aina mbili. Wa kwanza ni mpita njia, ambaye hulitazama likipita na kutoa sifa za rangi, umbo na mlio. Wa pili ni yule aliyeketi ndani. Huyu umbo halioni kabisa. Anachokiona ni usukani, dashibodi, mkono wa gia na barabara iliyo mbele yake. Wa kwanza husifu kwa dakika moja, wa pili huishi na alichopewa kwa miaka. Magari mengi husifiwa kwa macho ya mpita njia, na ndiyo sababu ubishi uliozuka juu ya gari la Nissan liitwalo Z ulinivutia. Mara hii watu waligombania ndani.

Gari lenyewe lilionyeshwa rasmi mjini New York Agosti 2021 na likaanza kuuzwa mwaka uliofuata. Kwao Japani huitwa Fairlady Z. Ni mrithi wa 370Z, lakini watengenezaji walitaka lifufue sura ya babu yake, 240Z, lililotoka mwaka 1969 kwa jina la Datsun. Jina hilo si geni kwetu Afrika Mashariki. Katika mashindano ya East African Safari, yaliyoanza mwaka 1953, Datsun 240Z ilishinda mara mbili. Mwaka 1971 iliendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller. Mwaka 1973 alishinda Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Vumbi na tope la nchi zetu ndivyo vilivyolipa gari lile heshima yake. Kwa hiyo mtu wa huku anapotoa maoni juu ya kufufuliwa kwake, hadandii mazungumzo ya watu.

Tuseme basi kilichomo ndani. Juu ya dashibodi, katikati, zimepangwa geji tatu za duara zilizoelekezwa kwa dereva, kama zilivyokuwa katika 240Z. Breki ya mkono ni ya kuvuta, si ya kubonyeza. Gia za mkono ni sita kwa anayezitaka. Vitufe vya kuzungusha vya kipoza hewa vimebaki. Mbele ya dereva, mahali pa mishale ya zamani, pana skrini ya inchi 12.3, na watengenezaji walisema kwamba waliwashauri madereva wa mashindano katika kuipanga.

Wapenzi wa magari waligawanyika. Kundi moja lilifurahi likisema: hatimaye gari la kisasa ambalo halijageuzwa kuwa televisheni yenye magurudumu. Kundi la pili lilinuna. Lilitambua kwamba vipande vingi, kama vile vya milango na matundu ya hewa, vilitoka katika 370Z lililoingia sokoni mwaka 2008, na likauliza vipi mtu alipe bei mpya kwa plastiki ya zamani. Kundi la tatu, dogo lakini lenye kelele, lilitaka kinyume chake: skrini iondolewe na mishale halisi irudi.

Gari hilo sijaliona hata moja likipita kati ya Nangurukuru na Lindi, na si ajabu. Ulaini wa viti vyake nawaachia waliovikalia. Ninachokihukumu ni mpangilio, na mpangilio huonekana hata katika picha. Kwa maoni yangu makundi yote matatu yaliuliza swali la umri: hiki ni kipya au ni cha zamani? Swali lililopasa kuulizwa ni la kazi: hiki kinamwambia nini aliyeketi hapa?

Chukua zile geji tatu. Katika 240Z moja ilionyesha joto la maji na mgandamizo wa oili, ya pili chaji ya umeme na kiasi cha mafuta, ya tatu ilikuwa saa. Zile mbili za kwanza zilibeba habari za uhai wa gari. Dereva aliye mbali na fundi alizitazama kama nahodha anavyotazama tanga. Katika Z mpya moja inaonyesha mgandamizo wa hewa ya tabo, ya pili kasi ya mzunguko wa tabo, ya tatu nguvu ya betri. Hiyo ya kwanza ina faida. Ya betri nayo tuipokee. Lakini kasi ya mzunguko wa tabo dereva aifanyie nini? Hawezi kuipunguza wala kuiongeza isipokuwa kwa mguu uleule anaokanyagia mafuta. Hapo geji imegeuka pambo lililovaa nguo za kazi. Joto la maji, ambalo ndilo humlaza mtu njiani, limeondolewa mahali pake pa heshima.

Dereva wa pwani ya kusini hahitaji kuelezwa tofauti hii. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyetoka Dar es Salaam kwenda Kilwa au Lindi alivuka Rufiji kwa kivuko, na masika yakikolea safari ilikuwa ya kudra. Katika tope na mchanga wa aina ile, jicho halikuiacha geji ya joto. Waliopanga geji za 240Z walimfikiria mtu wa namna hiyo, hata kama hawakumjua. Waliopanga za Z mpya walimfikiria mtu anayeikumbuka 240Z. Hawa ni watu wawili mbalimbali.

Hata hivyo nisiwe mkali kupita kiasi, kwani yako mabaya zaidi. Toyota waliifufua Supra mwaka 2019, baada ya ile ya awali kukoma mwaka 2002, wakashirikiana na BMW. Gari likaundwa Austria, na aliyefungua mlango akakuta skrini, vitufe na mkono wa gia vya Kijerumani. Wapenzi wake wengi walilalamika, na malalamiko yao yana uzito. Vifaa ni vizuri, tena pengine ni bora kuliko vya Nissan. Lakini mtu amealikwa nyumbani kwa fulani na kukaribishwa sebuleni kwa jirani. Z, pamoja na plastiki yake ya mwaka 2008, angalau imekaa kwake.

Watu wa Kilwa wana kipimo chao cha mambo haya, nacho kipo Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu una sehemu ya kale upande wa kaskazini. Katika karne ya 14 ikaongezwa sehemu kubwa kusini yake, na ilipoharibika ikajengwa upya katika karne ya 15. Waliojenga baadaye hawakuigiza ukumbi mdogo wa wazee wao, wala hawakuubomoa. Walitumia matumbawe na chokaa zilezile, wakaelekea kibla kilekile, wakapanua nafasi kwa sababu waliosali walikuwa wameongezeka. Aingiaye leo huona wazi mahali palipoanzia jipya. Huko ndiko ninakokuita kufufua: kazi inabaki, umbo linaifuata. Geji ya kasi ya tabo imefanya kinyume. Imeliweka umbo, kisha ikalitafutia kazi.

Pengine msomaji ataniuliza, haya ya magari ya anasa yanatuhusu nini sisi tunaonunua yaliyokwisha tumika? Yanatuhusu sana. Magari yetu mengi hutoka Japani, na ndani yake tunakaa kama wageni wasiojua lugha ya mwenyeji. Kuna mwanamke asiyeonekana ambaye, kila ufunguo unapowashwa, hutukumbusha kwa Kijapani kwamba hatukuweka kadi ya kulipia barabara. Ramani huonyesha barabara za Japani. Redio nyingi zilitengenezwa kwa masafa ya kwao, yanayoanzia 76 na kuishia 90, hivyo stesheni nyingi za kwetu hazishikiki mpaka fundi afunge kifaa cha kuongeza masafa. Baadaye jua la pwani hupasua dashibodi, nasi tunaitandikia kitambaa. Tumezoea kukaa mahali ambapo hatukufikiriwa, hata tukadhani kulalamikia ndani ya gari ni udeko.

Si udeko. Wale waliogombana juu ya Z, hata waliokosea swali, walishika jambo moja la maana: kwamba mtu ana haki ya kuelewa mahali alipokaa, na kwamba anayemtengenezea chombo anawajibika kwake kabla ya kuwajibika kwa mpita njia. Nasi tungeanza kudai hivyo kwa waagizaji na mafundi wetu, redio ingesema nasi na taa za onyo zingeelezwa kwa Kiswahili kabla ya gari kutoka uwanjani.

Hukumu yangu juu ya Z ni hii. Breki ya mkono, gia na vitufe vya kuzungusha vinastahili sifa, kwa kuwa mkono huvipata bila jicho kuacha barabara. Plastiki ya zamani naisamehe, maana haimdanganyi mtu. Geji ya kasi ya tabo siisamehi. Mahali pale pangewekwa joto la maji, kama mwaka 1969, na wala isingekuwa lazima kumweleza mtu kwamba gari limekumbuka linakotoka.