Ala za Kale, Masikio ya Leo

Kwa zaidi ya nusu karne sasa, huko Ulaya na Marekani, wamekuwapo wanamuziki washikao shauri moja: kwamba muziki wa karne ya 18 upigwe kwa ala za karne ya 18. Mjini Vienna, Nikolaus Harnoncourt na wenzake waliunda Concentus Musicus mwaka 1953. Katika kundi hilo ndimo walimokutana wapigaji wanne wa Quatuor Mosaïques, ambao santuri zao za Joseph Haydn zimetusukuma kuandika makala haya. Twauliza: je, wapigaji hawa wanaturudishia Haydn mwenyewe, ama wanatupa Haydn wao?

Yafaa kwanza kueleza tofauti iliyopo. Fidla ya leo hufungwa zaidi nyuzi za chuma au nyuzi zilizozungushiwa madini. Fidla ya zama za Haydn ilitegemea nyuzi za utumbo wa kondoo. Selo haikuwa na mguu wa chuma, bali mpigaji aliibana kwa miguu yake. Noti ya A, ambayo mkutano wa kimataifa wa mwaka 1939 uliiweka kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, wapigaji wa njia hii huishusha hadi karibu 430. Tena hawatikisi kidole juu ya uzi ovyo. Leopold Mozart, katika kitabu chake cha mafunzo ya fidla cha mwaka 1756, aliwakejeli wanaotetemesha kila noti mithili ya mgonjwa asiyeweza kujizuia.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1781 Haydn alitunga vipande sita vya fidla mbili, viola na selo, vijulikanavyo kwa namba 33. Cha pili huitwa "Mzaha", kwa sababu ya mwisho wake. Wimbo ukikaribia kwisha, wapigaji hunyamaza. Hupiga kidogo, hunyamaza tena. Na msikilizaji asiyejua huanza kupiga makofi. Kisha huja kimya kirefu zaidi, na maneno ya kwanza ya wimbo hurudi kwa sauti ya chini kabisa. Basi, umekwisha: kana kwamba mtambaji amesema "Hapo kale" akaondoka zake. Katika ukumbi wa watu elfu mbili mzaha huo hufifia. Lakini sauti ya uzi wa utumbo hufa upesi, na katika chumba kidogo kimya chake huwa kimya kweli.

Wala muziki huu haukutungiwa kumbi kubwa. Mwimbaji Michael Kelly amesimulia jinsi alivyohudhuria jioni moja mjini Vienna, mnamo mwaka 1784, Haydn akipiga fidla ya kwanza, Dittersdorf ya pili, Mozart viola na Vanhal selo. Na kwa maoni yake hakuna hata mmoja wao aliyekuwa bingwa wa ala aliyoishika. Yalikuwa mazungumzo ya sebuleni baina ya watu wanne waelewanao.

Hata hivyo, hatukubaliani na wale wayaitao maonyesho haya "muziki halisi". Mtaalamu wa Marekani Richard Taruskin, aliyefariki mwaka 2022, alidai kwamba mtindo huu kwa hakika ni ladha ya karne ya 20 iliyovikwa nguo za kale. Twaona kwamba kwa sehemu kubwa alisema kweli. Ala yaweza kuwa ya kale, lakini masikio ni ya leo. Mgeni wa mwaka 1781 alinaswa na mzaha ule. Msikilizaji wetu amekwisha kuusoma katika karatasi ya maelezo kabla ya kuketi. Sifa ya Quatuor Mosaïques ni kwamba hawapigi kama walinzi wa makumbusho. Hupumua, huamua, na uamuzi huo ni wao.

Jambo hili latuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili mahali ambapo wanafunzi wengi hukipata kwanza kitabuni. Utenzi uliotungwa ili uimbwe, darasani husomwa kimya kama waraka wa ofisini. Hatuwezi kumfufua malenga wa kale, wala tusijidai kuwa tunamjua kuliko majirani zetu wa pwani waliorithi mahadhi yake. Lakini twaweza kuusoma kwa sauti, mizani ikahesabiwa kwa sikio badala ya vidole. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeondoa pazia moja. Tusiseme tumeondoa yote.

Msomaji akizipata santuri hizo, na ausikilize mwisho wa "Mzaha" pamoja na mtu asiyeujua, kisha atazame uso wake wakati wa kile kimya.