Maneno ya Igunga Redioni: Nani Amsahihishe Nani?

Uhakiki wa lugha ya redio katika nchi yetu umezoea kushughulika na taarifa ya habari. Makosa ya msomaji wa habari huandikwa, hujadiliwa na kupelekewa wenyewe. Lakini mazungumzo ya papo kwa papo, ambamo afisa wa wilaya, mtangazaji na wananchi wapigao simu hujadili maji, pamba na malisho, hayajapata mhakiki. Huenda ni kwa sababu hayana matini iliyoandikwa. Sisi twaona kuwa ni humo hasa ambamo istilahi hupimwa kama zafaa au hazifai, na katika makala haya tunayatazama mazungumzo yahusuyo Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora, kama yasikikavyo katika redio za kanda ile. Hatutataja kituo wala mtangazaji, kwa kuwa tuyasemayo yanavigusa vituo karibu vyote.

Msafiri atokaye Singida huteremka Sekenke, akavuka Wembere, ndipo akafika Igunga, kabla ya kuendelea Nzega na Mwanza. Wakazi wengi ni Wasukuma na Wanyamwezi, na wamo pia Wanyiramba na Wataturu. Kusini yake ndiko ilikopita njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora, na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakikisema Kiswahili barabarani katika karne ya 19, miaka mingi kabla ya kuwapo kamati yoyote ya kukisanifisha. Njia hiyo haikuwa ya kwenda tu. Neno «ikulu» tunalolitumia kwa makao ya Rais ni la huko, na «mtemi» vilevile. Basi mtu wa Igunga achanganyapo neno la nyumbani na Kiswahili chake hafanyi jambo geni. Anafanya lililofanywa na babu zake, nasi tukanufaika nalo.

Yafaa kukumbuka kwamba redio imewahi kutumiwa kwa mijadala ya wananchi kwa utaratibu mwingine kabisa. Katika kampeni ya «Mtu ni Afya» ya mwaka 1973, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi, na watu wapatao milioni 2 wakavisikiliza katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na vitabu vilivyochapishwa. Mwaka 1975 ikafuata «Chakula ni Uhai». Mpango ule ulikuwa na kasoro yake: sauti ilitoka Dar es Salaam, na msikilizaji hakuwa na njia ya kuijibu hapo hapo. Lakini ulikuwa na faida moja tuliyoipoteza, nayo ni kwamba maneno magumu yalishughulikiwa kabla ya kipindi kwenda hewani. Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kufungua mlango kwa vituo binafsi, na simu ya mkononi kufika hadi vijijini, msikilizaji amepata sauti ya kujibu. Aliyekuwa akiyatayarisha maneno hayupo tena. Kazi hiyo imemwangukia mtangazaji, ambaye huifanya huku saa ikimkimbiza.

Na huifanyaje? Kwa kawaida hufungua kipindi kwa «mwangaluka», wasikilizaji wakafurahi, kisha Kisukuma kikafungiwa nje mpaka kipindi kiishe. Mzee akipiga simu na kutumia neno la kwao, mtangazaji humwambia kwa heshima, «Mzee wangu, una maana ya…», akaweka neno la kamusi mahali pake. Afisa akitamka kifupisho cha herufi tano cha Kiingereza, hasahihishwi wala haulizwi. Hapo ndipo penye shabaha ya makala haya. Tafsiri studioni huenda upande mmoja tu, kutoka chini kwenda juu, na mara nyingi neno linalofutwa ndilo lililokuwa sahihi zaidi.

Tulichukue neno «mbuga». Kwa mkulima wa Igunga, mbuga ni ardhi ya bondeni yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huganda miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Hutuamisha maji, na ndiyo maana hulimwa mpunga katika majaruba. Hilo ni neno la kitaalamu kwa kila kipimo: lina mipaka, linatofautiana na majina ya udongo mwingine wa mteremko huohuo, kama vile «luseni» ulio wa kichanga na «itogolo» wenye tabaka gumu chini yake, tena humwambia msikilizaji ni zao gani lipandwe wapi. Wataalamu wa udongo walilitambua hilo mapema. Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, alitoa katika miaka ya 1930 nadharia yake mashuhuri ya jinsi aina za udongo zinavyofuatana kutoka kilimani hadi bondeni, na mfuatano wa aina hiyo ndio ambao Wasukuma walikwisha kuupa majina. Hata leo wanasayansi waandikao kwa Kiingereza hulitumia neno «mbuga» kwa udongo mweusi wa bondeni. Yaani Kiingereza cha kisayansi kimeitunza maana ambayo Kiswahili chetu cha magazeti kimeitupa.

Kwani magazeti na redio zimelifanyaje neno hili? Zimelipeleka kwa wanyama. «Mbuga» sasa ni Serengeti, ni mahali pa watalii. Hata mtangazaji aliyezaliwa kandokando ya Wembere, mkulima amwambiapo kuwa shamba lake liko mbugani, humuuliza kama anaruhusiwa kulima humo. Msikilizaji wa mjini hucheka. Lakini siku itakapotangazwa redioni kuwa wananchi waondoke mbugani, nani atajua ni majaruba yanayosemwa au ni eneo la wanyamapori? Sheria zetu zinayo istilahi yake, «hifadhi ya taifa», na maeneo mengine ya wanyamapori yana majina yake kamili. Hakuna haja yoyote ya kumnyang'anya mkulima neno lake ili kumpa mtalii, ambaye hata hakuliomba. Tunashauri watafsiri na waandishi wa serikali waliache «mbuga» liwe la ardhi, na waandike «hifadhi» pale wanapokusudia hifadhi.

Suala la maji lina uzito mkubwa zaidi, maana humo kuna fedha. Igunga ni nchi kavu, na kwa miaka mingi watu wake walitegemea malambo, mabwawa na visima. Maji ya Ziwa Viktoria, yavutwayo Ihelele katika Wilaya ya Misungwi, yalifika kwanza Shinyanga na Kahama, katika mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Kisha bomba likaendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora kwa mkopo kutoka India wa Dola za Kimarekani zipatazo milioni 268. Pamoja na maji yakaja maneno. Mwananchi hana budi kusikiliza habari za RUWASA, za mamlaka ya maji ya mji, na za kitu kiitwacho CBWSO, ambacho kila mtu hukitamka kwa namna yake.

Tukisimamishe kifupisho hiki kidogo. Katika sheria ya maji ya mwaka 2009, iliyoandikwa kwa Kiingereza, vyombo vya kuendesha maji vijijini vilipewa jina la COWSO, ambalo kwa Kiswahili lina maana ya vyombo vya maji vinavyomilikiwa na jamii. Wananchi waliviita «jumuiya za watumia maji», jina zuri, lenye watu ndani yake. Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 iliyoanzisha RUWASA ikavipa jina la CBWSO: umiliki haumo tena katika jina, na badala yake limewekwa neno lenye maana ya kuwa na makao katika jamii. Kwa Kiswahili cha ofisini vinaitwa «vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii». Hatusemi kwamba jina peke yake limehamisha mali ya mtu. Hilo ni la wanasheria. Twasema kwamba aliyekuwa mtumiaji aliye mwanachama sasa, katika jina, ni mpokeaji wa huduma, na kwamba badiliko hilo lilipita hewani bila kusikika kwa sababu lilijificha ndani ya herufi. Katika mazungumzo ya redioni wapigao simu bado huuliza: «Fedha za jumuiya yetu ziko wapi?» Mtangazaji huwarekebisha kuwa siku hizi haiitwi jumuiya. Amesahihisha jina, na swali limebaki bila jibu.

Haya si madogo kwa wasomaji wetu walio watafsiri. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza hazina budi kutafsiriwa. Mtafsiri atakayefika kwenye vyombo hivi atakuta majina mawili ya Kiswahili mbele yake, moja lililozaliwa vijijini na jingine lililozaliwa katika barua za ofisi. Asichague la pili kwa kuwa tu ni refu zaidi.

Lakini haingekuwa haki kutaja kasoro tu. Tumesikia pia watangazaji waifanyao kazi ya istilahi vizuri kuliko sisi tulioajiriwa kwayo. Afisa anapoeleza bei ya maji kwa «uniti», mtangazaji mwema humsimamisha na kumuuliza uniti moja ni ndoo ngapi. Jibu ni rahisi: uniti ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mara moja mama aliye mbali na bomba la nyumbani aweza kupiga hesabu. Ikiwa, tuseme, ndoo moja huuzwa kwa shilingi 50, basi yeye hulipa shilingi 2,500 kwa uniti, na aweza kuuliza kwa nini mwenye mita nyumbani analipa pungufu au zaidi. Neno «uniti» halikuondolewa, wala halina ubaya. Limefungwa tu kwenye ndoo, na kwa kufanya hivyo limekuwa mali ya msikilizaji.

Kinyume chake ni matumizi ya «tabianchi». Neno hili ni letu, tulilipigania, na twafurahi kuona limeenea kupita matarajio. Ila studioni limekuwa kama mfuniko. Mkulima wa pamba hulalamika kuwa mbegu zilichelewa. Mfugaji hueleza kwamba lambo lao limejaa mchanga na halijafukuliwa. Mwingine husema mvua zilianza zikakatika. Matatu hayo si jambo moja. Mtangazaji huyakusanya yote na kusema, «Naam, hayo ndiyo mabadiliko ya tabianchi,» kisha ukapigwa muziki. La mvua huenda ni kweli. Lakini lambo lina mtu wa kulisimamia na mbegu zina mtu wa kuzileta, na watu hao wameponea ndani ya neno sanifu. Istilahi ikitumiwa kujibu swali ambalo haikuulizwa, inadhuru, hata kama ipo katika orodha zetu.

Yako maneno mengine ya kutaja kwa kifupi. «Ngitili», yaani eneo la malisho lililofungwa wakati wa mvua ili lilishwe kiangazi, tayari limeingia katika maandishi ya misitu kwa sababu ya mradi wa HASHI wa Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 na ngitili zipatazo hekta 600, na kufikia mwaka 2004 zikawa zaidi ya hekta 300,000. Hata hivyo bado tunasikia mtangazaji akilifasiri kuwa «shamba la majani». Si shamba, hakuna aliyelilima. Liachwe kama lilivyo. Na «gati», ambalo mtu wa pwani hulijua kuwa ni mahali pa kufunga vyombo bandarini, bara limekuwa kituo cha kuchotea maji. Wako wenzetu wanaolichukia jambo hilo. Sisi hatuoni sababu: katika wilaya isiyo na bahari hakuna atakayengojea meli hapo.

Kwa walimu wa sekondari wa kanda hiyo, vipindi hivi ni nyenzo bora ya somo la matumizi ya lugha kuliko tungo nyingi zilizomo vitabuni, mradi wanafunzi wafundishwe kumsikiliza mpiga simu kwa makini yaleyale wanayompa afisa. Kwa maafisa wa wilaya tuna ombi moja dogo: kabla ya kwenda redioni, aandike vifupisho vyote atakavyovihitaji, na mbele ya kila kimoja aandike jina ambalo mwenyekiti wa kitongoji hulitumia. Akikosa jina hilo, amuulize mwenyekiti mwenyewe.

Nasi kwa upande wetu tumeanza kukusanya majina ya udongo, malisho na vyanzo vya maji yatumikayo Igunga, Nzega na Uyui. Wasomaji walio huko watuletee maneno wanayoyasikia, redioni au mnadani, pamoja na jina la kata, lugha ya msemaji, na maelezo ya kitu chenyewe: udongo una rangi gani, hufanya nini ukilowa, na hulimwa nini juu yake. Kwa «ibushi» tumepata maelezo yanayopingana kutoka kata mbili zinazopakana, nasi tungependa kupata ya tatu kabla ya kuliingiza orodhani.