Wimbo Wake ni Upi?

Msomaji, yamkini hukuwa umezaliwa mwaka 2006, wakati shindano la Tusker Project Fame lilipoonyeshwa katika televisheni kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari kama ulivyo wewe sasa. Kwetu Kondele, mjini Kisumu, televisheni ya mmoja ilikuwa televisheni ya majirani wote. Jioni za mwisho wa juma tulijazana sebuleni kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza omena, wakubwa vitini na sisi vijana sakafuni, tukawatazama vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa wamewekwa katika nyumba moja jijini Nairobi, nyumba iliyoitwa chuo. Humo walifundishwa kuimba, kucheza na kusimama jukwaani. Kamera ziliwafuata walikokwenda. Kila juma waliimba mbele ya majaji, na watazamaji wakapiga kura kwa simu za mkononi. Aliyepungukiwa na kura alifunga virago.

Aliyeshinda mwaka ule ni Valerie Kimani, binti wa Kenya. Sauti yake ilikuwa ya muziki wa souli, yaani muziki wa roho, kama walivyouita Wamarekani Weusi waliouzaa. Nisikufiche, nilimpenda. Ilikuwa sauti laini yenye nguvu chini yake, na ilipanda bila kukazana, kama mtu apandaye ngazi za nyumba anayoijua gizani. Usiku mmoja alipomaliza wimbo mmoja mashuhuri wa ng'ambo tulipiga makofi kana kwamba angeweza kutusikia. Mama mwenye nyumba hakupiga. Alinigeukia akasema, "Anaimba vizuri sana, mwanangu. Lakini wimbo wake ni upi?"

Tulicheka. Tulidhani mama yetu haelewi taratibu za shindano. Imenichukua karibu miaka 20 kutambua kwamba yeye ndiye aliyekuwa mhakiki pekee katika sebule ile.

Nakuomba usidhani kwamba nataka kulidharau shindano. Kuimba mbele ya watu kila juma, wimbo mgeni, kwa siku chache za mazoezi, si kazi ya mchezo. Ian Mbugua, jaji aliyechukiwa na watazamaji wengi kwa ukali wa ulimi wake, kwa maoni yangu alikuwa na haki mara nyingi kuliko tulivyotaka kukiri. Sauti ikipotea njia imepotea, hata kama mwenye sauti ni mzuri wa sura na ametoka nchi yako. Tena kuna jambo ambalo watu wa pwani ya ziwa hatuna budi kulikumbuka: Achieng' Abura, mwimbaji aliyechanganya muziki wa jazi na nyimbo za Wajaluo, aliwahi kuwa mkuu wa chuo kile cha televisheni. Yeye mwenyewe hakupata jina lake kwa kura za simu. Alifariki Oktoba 2016, na sidhani kwamba tumemlipa deni lake bado.

Lakini tazama kilichopimwa. Mara nyingi mshindani alipewa wimbo ambao watu walikwisha kuujua kwa sauti ya mwingine, na kazi yake ikawa kukikaribia kielelezo hicho au kukipita kidogo. Ni kama mtihani wa mwandiko. Mwalimu hukupa ukurasa uliochapwa, nawe waunakili kwa herufi safi. Naye akupa alama, na alama hizo ni halali. Ila katika mtihani huo hakuna mtu aliyepata kujua kama wewe una barua ya kumwandikia mtu yeyote.

Kisha taa za jukwaa zilizimwa. Valerie Kimani alitoa albamu iitwayo Baisikeli, na katika jina hilo tu naona hamu ya kutoka katika nyimbo za kuazima na kushika kitu ambacho kila mtu wa Kisumu amekipanda, akilipa au akikopa. Waliomfuata ni Esther Nabaasa wa Uganda mwaka 2008, Alpha Rwirangira wa Rwanda mwaka 2009, Davis Ntare wa Uganda mwaka 2010, Ruth Matete wa Kenya mwaka 2012, na Hope Irakoze wa Burundi mwaka 2013, lilipofanyika shindano la mwisho. Ruth Matete, aliyepewa shilingi milioni 5 kwa ushindi wake, aligeukia nyimbo za Injili. Patricia Kihoro na Debarl Inea, walioshindana mwaka 2009 bila kushinda, walijulikana baadaye zaidi kwa utangazaji, na Patricia kwa uigizaji pia.

Utasikia watu wakisema, "Wale wote walipotea." Maneno haya hunikera. Mtu anayeimba kanisani kwa miaka kumi na mitano hakupotea. Sisi ndio tuliozima televisheni tukaenda zetu. Kura ya simu ni mapenzi ya dakika moja. Haimfungi aliyeipiga kununua santuri, wala kukumbuka jina la mwimbaji ifikapo mavuno. Mshindi hutoka katika nyumba ile akidhani ana wasikilizaji milioni, kumbe alikuwa na watazamaji, na watazamaji walikuwa wakitazama shindano. Hapo ndipo anapoanza kazi ambayo wenzake wasioshindana waliianza zamani, tena anaianza huku nchi nzima inamkagua. Nashangaa si kwamba wengine waliacha, bali kwamba wengine waliendelea.

Pengine utanipinga, na ni vizuri ukifanya hivyo. Utasema kwamba Aretha Franklin, malkia wa muziki huo wa souli, alipata sifa kubwa kwa wimbo uitwao Respect, na wimbo huo ulitungwa na kuimbwa kwanza na Otis Redding mwaka 1965. Basi nyimbo za kuazima zina kosa gani?

Kisa cha Aretha chafaa kutazamwa kwa makini. Alilelewa katika kanisa la baba yake huko Detroit, naye akaimba humo tangu utoto. Mwaka 1960 alichukuliwa na kampuni kubwa ya santuri, Columbia, ikamvalisha nyimbo za kila namna zilizopendwa wakati ule. Aliziimba zote kwa ustadi. Miaka sita ikapita, na ulimwengu ukamsikia nusu nusu tu. Mwaka 1966 alihamia kampuni ya Atlantic. Huko akaketi mwenyewe penye piano na kuipiga kama ilivyopigwa kanisani kwao, dada zake wakamwitikia kama waumini wamwitikiavyo mhubiri. Wimbo wa Otis Redding ulikuwa malalamiko ya mume arudiye nyumbani. Kinywani mwa Aretha ukawa dai la mwanamke. Kuazima hakukuwa kosa. Alipouazima wimbo ule aliuingiza katika nyumba yake, akaupa kiti, akaulisha chakula cha kwao. Kabla ya hapo yeye ndiye aliyekuwa mgeni katika nyumba za watu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo neno souli linapokuja kugonga mlango wetu. Muziki ule ulizaliwa katika makanisa na mashamba ya watu waliopata taabu, na sauti yake hupasuka pale neno linaposhindwa kubeba uchungu. Je, kando ya ziwa letu hatuna mahali ambapo sauti hupasuka? Mmezisikia nyimbo za dodo zinazoimbwa na wanawake, mmoja akianza na wengine wakimwitikia. Mmesikia sigalagala arusini, na vilio vya usiku wa matanga vinavyogeuka kuwa nyimbo pasipo mtu kujua ni wapi kilio kilikoma. Mmesikia nyatiti, yenye nyuzi nane, mpigaji ameketi chini, pete ya chuma katika kidole cha mguu ikigonga ubao, naye akiimba kana kwamba anazungumza na mtu aliye mbele yake. Kijana wa Nyakach au Seme anayetaka kuimba souli, akaanza kwa kuiga kilio cha Detroit, amepita mlango wa nyumba ya nyanya yake akaenda kuomba maji mbali.

Hayo si maneno matupu, kwa kuwa mfano tunao. Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi mmoja, na mwaka 2001 mji wa Kisumu ukaadhimisha miaka 100. Katika sherehe hizo Suzanna Owiyo, mzaliwa wa Nyakach, aliimba wimbo uitwao Kisumu 100. Hapakuwa na majaji wala kura. Wala yeye hakuwa mwanagenzi aliyeokotwa njiani: alikwisha kuimba nyuma ya Sally Oyugi, na alipata mafunzo katika Kenya Conservatoire of Music jijini Nairobi. Nalitaja hili kwa makusudi, ili usiondoke ukidhani kwamba sauti ya nyumbani haihitaji shule.

Tofauti iko katika kazi aliyopewa wimbo. Wimbo wa shindano hufanya kazi ya kumwonyesha mwimbaji. Kisumu 100 ulikuwa na kazi nyingine, nayo ni kuupa mji kitu cha kuimba siku ya kuzaliwa kwake. Watu waliuchukua si kwa kuwa Suzanna aliimba vizuri, ingawa aliimba vizuri, bali kwa kuwa waliuhitaji. Ulipigwa ndani ya matatu na mahotelini, na watoto wakauimba njiani wakienda shule bila kujua jina la aliyeutunga. Mcheza kwao hutunzwa, lakini jambo la ajabu ni kwamba aliyetunzwa kwao alitunzwa ugenini pia. Mwaka 2004 ilitoka albamu yake Mama Africa, na Desemba mwaka huo huo aliimba Oslo katika tamasha la Tuzo ya Nobeli ya Amani, Wangari Maathai alipopewa tuzo hiyo. Mwaka 2008 aliimba London, katika bustani ya Hyde Park, Nelson Mandela alipoadhimishwa kwa kutimiza miaka 90. Yeye huimba Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, na sijasikia kwamba Kijaluo kilimzuia mtu yeyote kumsikiliza.

Sisemi kwamba kila alichokiimba ni dhahabu. Baadhi ya nyimbo zake, hasa zile ambazo nadhani zilitengenezwa zikiwa na masikio ya ng'ambo akilini, zimepigwa msasa mno hata mkwaruzo wa sauti yake, ambao ndio utajiri wake, umelainika. Tena kuna lile jina alilopewa na waandishi, kwamba yeye ni Tracy Chapman wa Afrika, kwa sababu ya gita na sauti nzito. Walikusudia sifa, lakini ni tusi lililovaa nguo nzuri. Humwambia msikilizaji kwamba kielelezo kiko Marekani, na kwamba huyu wa Nyakach ni nakala yake. Ni yale yale ya mtihani wa mwandiko. Ukiisikiliza albamu yake Yamo Kudho, maana yake upepo unavuma, utasikia jinsi anavyoushusha mwisho wa mstari kama mtu anayetua mzigo, na kujua kwamba hakujifunza hayo kwa Tracy Chapman. Husikia jambo hilo mtu aliyewahi kukaa na wazee wa nyatiti.

Nami nina sababu yangu ya kuyaandika haya, ambayo si ya heshima. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaanza kufundisha katika chuo cha ualimu, niliombwa kuwa jaji katika shindano dogo la nyimbo la shule chache zilizo karibu na ziwa. Nilipewa karatasi yenye safu za alama: usahihi wa sauti, pumzi, matamshi, mwendo. Akaja msichana mmoja wa kidato cha pili kuimba peke yake. Aliimba wimbo wa Kiingereza uliojulikana na watu wote, lakini kila mwisho wa mstari aliacha sauti ishuke na kukatika, na katikati ya beti alitia maneno mawili matatu ya Kijaluo, kama mwanamke anayemwita mtu aliye ng'ambo ya shamba. Ukumbi ulinyamaza. Nakumbuka kwamba kalamu yangu pia ilisimama. Halafu nikakumbuka karatasi, nikaanza kutoa alama: sauti imeshuka pasipo kuandikwa, ondoa mbili, maneno si ya wimbo, ondoa tatu. Akawa wa sita kati ya washindani saba.

Yule mama wa omena sikuwa nimemsahau. Usiku ule wa 2006, baada ya sisi kumcheka, alikwenda nyuma ya nyumba kuosha sufuria, na kupitia dirishani nilimsikia akivumisha Kisumu 100 polepole, akikosea maneno na kutia yake. Nilikuwa na jibu lake masikioni miaka yote ile, na siku ilipofika ya kulitumia nililiondolea alama tano.

Nilipouliza habari za msichana yule mwaka uliofuata, mwalimu wake aliniambia kwamba ameacha kuimba na amejiunga na kikundi cha mjadala. Nakala ya karatasi yake ninayo mpaka leo. Chini kabisa, penye nafasi ya maoni ya jaji, kuna mwandiko wangu safi: "Sauti nzuri. Afuate wimbo ulivyoandikwa."