Shina la Mnazi Halisomeki kwa Mkato Mmoja

Mnazi ukiangushwa na kupitishwa msumeno, uso wa gogo lake haufanani na wa mwembe. Hauna pete za miaka, wala gome la kubandua. Una vitone vya kahawia, maelfu kwa maelfu, vilivyosongamana ukingoni na kuachana kadiri jicho linavyoingia katikati, kwenye nyama laini yenye maji.

Vitone hivyo ni vitita vya mishipa, na vitabu vya biolojia husema vimetawanyika. Neno hilo linaudhulumu mnazi. Mtama uliomwagika sakafuni ndio uliotawanyika. Hapa kila kitita kina mpango wake: zailemu ya kupandisha maji imekaa upande wa ndani, floemu ya kusafirisha chakula upande wa nje, na floemu imevikwa kofia nene ya nyuzi ngumu. Kofia hizo zinarundikana ukingoni, mahali hasa ambapo shina huvutwa na kubanwa kusi ikivuma. Ndiyo maana fundi anayetafuta mbao ngumu huchukua sehemu ya nje na kuuacha moyo wa gogo.

Lakini kosa kubwa ni kuhukumu shina zima kwa mkato mmoja, kama kulihukumu shairi kwa mshororo uliochomolewa katikati ya ubeti. Mwaka 1965 Martin Zimmermann na P. Barry Tomlinson walichapisha uchunguzi wa Rhapis excelsa, mti mdogo wa ukoo wa mnazi. Walikata shina vipande vyembamba kwa mfuatano, wakavipiga picha kimoja kimoja kwenye mkanda wa sinema. Mkanda ulipozungushwa, vitone vikatembea! Kitita hupanda huku kikijongea katikati polepole, kisha hupinda ghafla kuelekea nje na kuingia jani. Kabla hakijatoka huacha tawi linaloendelea kupanda, nalo hurudia mwendo uleule kuelekea jani la juu zaidi. Kwa hiyo kitone cha katikati hakikupotea njia: ni kitita kilichokaribia jani lake. Urari wa umbo hili uko katika urefu, na msumeno hukata upana.

Kuna pia kilichoachwa nje ya umbo. Mwembe una kambiamu, utando wa seli unaoongeza unene mwaka hadi mwaka na kufunika majeraha. Mnazi hauna. Hujenga upana wake kwanza, ukiwa bado mchanga na umekaa karibu na ardhi kwa miaka kadhaa, ndipo hurefuka. Baada ya hapo nyuzi za chini huzidi kukomaa na kuwa ngumu, ila hakuna utando wa kuziba pengo. Kidato alichokichonga mkwezi kwa panga hubaki wazi pale pale, kwa kimo kile kile, na mguu wa mkwezi wa leo hukanyaga humo humo.