Damu Inayopita Ndiyo Inayong'aa

Chukua ukumbi wa Kigobe, hapa Bujumbura, ambako Bunge la Burundi hukutana. Tuseme waliomo wamepiga makofi tangu asubuhi. Mikono imechoka, makofi yamefifia. Mlango unafunguliwa, wanaingia wageni kumi, na makofi yao yanawazidi wenyeji wote. Hata ukifumba macho utajua wageni wanapita ujia gani. Hivyo ndivyo mashine ya MRI inavyoiona mishipa ya damu bila kisu wala sindano.

Sumaku ya mashine ya Tesla 1.5 ina nguvu takriban mara 30,000 ya ile ya dunia. Mawimbi ya redio ya megahezi 64, chini kidogo ya masafa ya FM, yanapigwa mfululizo kwenye kipande chembamba cha ubongo. Haidrojeni ya nyama iliyotulia inapigwa mpaka inakosa nguvu ya kujibu. Damu inayopanda kutoka shingoni haijapigwa bado, kwa hiyo inajibu kwa kishindo na kung'aa pichani. Kompyuta inavipanga pamoja vipande vyote vilivyopigwa hivyo, inachagua nukta zinazong'aa zaidi, na mti wa mishipa unajitokeza.

Je, kipimo hiki ghali apewe nani? Madaktari wa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walijibu kwa kuchuja. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2019 ulihusu watoto 200 wenye selimundu, ugonjwa unaoweza kumletea kiharusi mtoto ambaye hajamaliza shule ya msingi. Kila mtoto alianza na Dopla: kifaa kidogo kinachowekwa kwenye panja na kupima kasi ya damu ubongoni. Jaribio la Marekani la mwaka 1998 lilikuwa limeonyesha kwamba kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, kumwongezea mtoto damu mara kwa mara kunapunguza sana hatari ya kiharusi cha kwanza.

Muhimbili walitandaza wavu mpana zaidi. Walioitwa kwenye MRI walikuwa wenye kasi iliyopita 150, na pia wenye kasi chini ya 50 au ambao damu yao haikusikika kabisa. Uamuzi huo wa pili ndio wa kutazamwa. Mshipa ukianza kufinyika, damu hukimbia, kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole. Ukikaribia kuziba, kasi huanguka. Kimya cha Dopla basi chaweza kuwa habari mbaya kuliko kelele yake, ingawa pengine ni mfupa mnene wa panja tu uliozuia sauti. MRI haizuiwi na mfupa huo. Watoto 67 walifaa kuitwa, 49 wakapigwa picha ya ubongo. Kati ya picha 48 za mishipa, 24 zilikuwa na kasoro.

Lakini kipimo hiki nacho kina mtego wake. Picha haichori ukuta wa mshipa. Inachora mwendo wa damu. Mwenye selimundu ana upungufu wa damu, na damu yake hukimbia na kuzunguka kama maji ya mto yanapopiga kona. Kwenye mizunguko hiyo mwangaza hupotea, na mshipa ulio wazi huonekana kama umekatika. Fundi anaweza kupunguza kosa hilo kwa kuifanya mashine isikilize jibu mapema zaidi, kabla mzunguko haujalivuruga.

Kwa hiyo daktari wa hapa Bujumbura akiletewa picha yenye pengo jeusi, aanze na maswali matatu: himoglobini ya mtoto ni ngapi? Dopla ilisema nini upande huo? Na nyama ya ubongo inayolishwa na mshipa huo ina kovu? Majibu yakiafikiana na picha, pengo huenda ni la kweli. Yakipingana nayo, mtoto arudishwe kwenye mashine kabla neno "umeziba" halijaandikwa kwenye faili lake.